Je, Mtu Mnene Alaumiwe?

Twaulizwa mara kwa mara: mtu akinenepa kupita kiasi, je, ni haki kumlaumu? Wengi hujibu upesi kwamba mkono ni wake na tumbo ni lake. Sisi twaona jawabu hilo lina dhuluma ndani yake.

Hapo zamani ilidhaniwa kwamba mafuta ya mwilini ni akiba tu, mfano wa ghala lililofungwa. Sivyo. Mwaka 1993 wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kitu kilekile ambacho askari wa damu hukitoa wanapopigana na maradhi. Na mwaka 2003 ikabainika kwamba askari wenyewe hujikusanya humo kwa wingi. Nani asiyepata kuona kidonda kilichoingia uchafu? Huwa chekundu, hupata moto, huvimba. Adui akishindwa, moto huzimika. Ndani ya mnene moto huo ni mdogo, hauumi, wala hauzimiki. Miaka ikipita huizuia insulini isifanye kazi yake, na hiyo ni njia mojawapo ya kisukari. Tena askari walioshughulishwa usiku na mchana hudhoofika siku ya vita: chanjo ya homa ya ini aina ya B huwapa wanene kinga haba, na Korona ya mwaka 2020 iliwaumiza zaidi.

Mlo mmoja wa mafuta na sukari nyingi huuchochea moto huo kwa saa kadhaa. Kunde na mboga huutuliza, kwa kuwalisha vijidudu wema wa matumboni. Na apunguaye hata sehemu moja katika kumi ya uzito wake hupata nafuu. Walakin mwili nao humzidishia njaa ili arudi alikotoka, jambo ambalo wanaolaumu hawalijui.

Na sahani huijaza nani? Ramadhani twafunga mchana kutwa, kisha magharibi yakiingia hutandazwa mahamri, viazi karai, kaimati zilizolowa shira. Mgeni akisema imetosha twamwapiza ale, akikataa twanuna. Kesho yake barazani twalicheka tumbo lake! Israfu iliyokatazwa katika Suratul-A'raf twaisoma kana kwamba yamhusu mlaji peke yake. Mwenye kupakua je?

Mfungo ujao sisi wa darasa hili tutafuturu kwa tende, maji na mbaazi, na asemaye imetosha ataletewa maji ya kunawa.