MAMA ALIPANGA, MWANA AKAUA!

Kijana unayesoma karatasi hii hapa Mitole, nakuuliza: mzazi wako akikutuma dhambi, utakwenda?

Usicheke. Sikia habari ya Kenneth Kimes wa Marekani. Mama yake, Sante, alikuwa tapeli wa siku nyingi; mwaka 1986 alihukumiwa kifungo kwa kuwafanya wasichana wake wa kazi watumwa. Mtoto akakulia humo humo.

Mwaka 1998, huko Los Angeles, rafiki yao David Kazdin aligundua kuna mkopo wa dola 280,000 umechukuliwa kwa jina lake. Kenneth akampiga risasi. Juni mwaka huo huo akapanga chumba New York, kwa jina la uongo, nyumbani kwa mjane wa miaka 82, Irene Silverman. Walitaka jumba lake, na karatasi za kughushi walikuwa nazo tayari. Kenneth mwenyewe alikuja kukiri kwamba alimnyonga bibi yule. Mwili haukupatikana.

Siku ile ile polisi wakawakamata. Kwa nini? Kwa gari walilonunua kwa hundi isiyo na fedha! Mwaka 2000 kila mmoja akapewa kifungo cha zaidi ya miaka mia. Mwaka 2004 mwana akasimama mahakamani kutoa ushahidi juu ya mama yake, ili wote wawili waepuke adhabu ya kifo. Wapi sasa ule upendo? Mama alifia gerezani mwaka 2014.

Soma 2 Mambo ya Nyakati 22: Mfalme Ahazia naye alipewa shauri la uovu na mamaye, Athalia. Akaangamia.

Utasema, hayo ya Wazungu. Hapana, ndugu yangu! Msimu wa ufuta baba anakwambia, "Tia mchanga kidogo kwenye gunia." Unatia. Kesho anataka uweke dole gumba la babu kwenye karatasi ya shamba, babu mwenyewe mgonjwa, hajitambui. Keshokutwa je?

Waefeso 6:1 inataka utii, lakini utii ulio katika Bwana. Mwambie kwa heshima: "Baba, nitalima, nitabeba magunia, ila hili sitaki." Atakasirika, najua. Pengine utalala nje.

Na kama dole gumba limeshawekwa? Yesu anakuita na wewe. Leo usiku tukiita, njoo mbele, tubu. Halafu asubuhi nenda kwa babu, umwambie.