Kumchora Mtu Baki

Namchora mwanamke nisiyemjua jina, na hakuna aliye hai wa kuniambia. Nilicho nacho ni postikadi ya zamani ya Unguja. Amesimama mbele ya pazia la studio, mkono mmoja kiunoni, kipini puani, majasi mapana masikioni, nywele zimesukwa twende kilioni. Kanga moja kaifunga kifuani, ya pili kaitupia begani. Chini yake yamechapishwa maneno ya Kizungu yanayotaja kabila na mji, basi. Aliyeyaandika hakuona haja ya kuuliza huyu anaitwa nani.

Wapiga picha wa enzi ile walikuwa mafundi hodari. Mwishoni mwa karne ya 19 Wagoa kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho walikuwa na studio zao Unguja, na picha za mitaa, bandari na watu wa kawaida zikawa postikadi za kuwauzia wageni. Ufundi wao nauheshimu. Ninachokikataa ni ile biashara ya kumfanya mtu awe kielelezo cha wenzake, kana kwamba ukimwona mmoja umewaona wote. Huku kwetu mtoto akitumwa dukani, mwenye duka humuuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Anataka kujua mama yake, mtaa wake, nyumba anayotoka. Huyu mwanamke naye alikuwa na mama, alikuwa na mtaa, na vyote viwili alivuliwa pale mlangoni pa studio.

Nimetumia rangi za maji kwa sababu zinamlazimisha mchoraji kufikiri kabla ya kugusa. Rangi ya mafuta hukuruhusu kufunika ulichokosea. Rangi ya maji hupitisha mwanga, na weupe wote wa picha ni karatasi yenyewe uliyoiacha bila kuipaka. Kwa hiyo, kabla brashi haijagusa uso, lazima uamue nuru inaanguka wapi: paji la uso, mgongo wa pua, mdomo wa chini. Ukishapaka hapo, kuirudisha ni kazi ngumu. Tena ngozi nyeusi haichorwi kwa rangi nyeusi. Rangi nyeusi ya kwenye kichupa huuzima uso ukawa kama ukuta wa jiko ulioingia masizi. Mimi huchanganya hudhurungi nyekundu na buluu iliyokoza, tabaka jepesi juu ya tabaka jepesi, na kila moja lazima likauke kwanza. Msimu wa masika, kwa unyevu wa hewa yetu, kukauka huko kunachukua muda, na muda wote huo kazi pekee iliyobaki ni kumtazama.

Nilivyozidi kumtazama ndivyo nilivyoanza kuishuku picha yenyewe. Mabamba ya kioo ya wakati ule yalipakwa dawa iliyoiona buluu vizuri lakini ikawa kipofu kwa rangi nyekundu. Kitambaa cha buluu nyepesi kilitoka karibu cheupe, na chekundu kikatoka cheusi. Mabamba yenye uwezo wa kuona rangi zote yalianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, na hayakuenea mara moja. Sasa fikiria kisutu, kanga yetu ya harusi, yenye nyekundu, nyeusi na nyeupe: mbele ya kamera ile nyekundu yake na nyeusi yake zote zilizama pamoja. Na ngozi yenye wekundu ndani yake ilitoka nzito kuliko ilivyokuwa. Yaani hata sura niliyoidhani ni yake imeshapunguzwa na dawa. Filamu za rangi zilizokuja baadaye nazo zilikuwa na upofu wake. Kwa miaka mingi maabara zilisahihisha rangi kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke wa Kizungu, kadi zilizoitwa Shirley.

Ile kanga imenisumbua kuliko uso. Zamani za utumwa, mwanamke mtumwa alijulikana kwa nguo yake ya merikani au kaniki. Mwaka 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alipofuta hadhi ya utumwa kisheria Unguja na Pemba, wanawake wengi waliotoka utumwani walijipamba kwa kanga, na kila jicho lililowaona barabarani lilielewa wanasema nini. Huenda huyu ni mmoja wao. Huenda pia nguo ni ya studio, kavalishwa ili picha iuzike. Siwezi kumpa nyekundu ya kisutu kwa kuwa tu mimi naipenda. Nitakuwa nimemvalisha mara ya pili. Kwa hiyo uso nimeupa rangi, maana ngozi kama yake naiona kila siku sokoni Darajani, na kanga nimeiacha katika weusi na weupe wa postikadi.

Rafiki yangu aliyepita kunitembelea aliona midomo imekaza. Akaniomba nimpe tabasamu kidogo, apendeze. Nilikataa. Pengine alichoka kusimama. Pengine hakumpenda yule aliyekuwa nyuma ya kamera, au alikuwa na mgonjwa nyumbani. Vyovyote vile, uso ule ndio kitu pekee katika picha nzima tunachoweza kusema kwa hakika kuwa ni chake, na hauna deni la kutufurahisha.

Mama mkubwa naye alikuja kuiona. Nikamwamkia, akakaa, akaikodolea macho.

"Nani huyu?"

"Simjui, mama."

"Humjui, na umekaa naye hivi?"

Kesho yake akaniletea bahasha ya picha za familia. Nyingi zilipigwa Mji Mkongwe, katika ile Capital Art Studio aliyoifungua Ranchhod Oza mwaka 1930. Nikazigeuza: nyuma tupu, bila hata herufi moja. Tukakaa barazani, yeye akitaja, mimi nikiandika nyuma kwa penseli laini, kwa sababu wino hupenya hadi mbele na kuharibu. Huyu shangazi yako, aliolewa Pemba. Huyu fundi cherehani wa mtaani kwetu, kaazima koti. Mmoja tu alimshinda: msichana wa pembeni katika picha ya Idi, kashikana mkono na bibi yangu. Mama mkubwa akaipeleka picha dirishani, akataja majina mawili, akayakataa yote.

"Andika kashikana mkono na mama," akasema. "Andika na Idi, na mtaa wa Malindi. Atakayemjua apate pa kuanzia."