Wajibu wa Asimamishaye Mashine

Kama umekulia Kawangware au Kibera, mitaa miwili ya upande wa magharibi wa jiji la Nairobi, yamkini umepata kutumwa kisiagini na gorogoro mbili za mahindi. Uliona mota ikizungusha mkanda, na mkanda ukizungusha nyundo za chuma zilizofichwa tumboni mwa mashine. Ulipokea unga wako ukaenda zako. Je, umepata kuiona mashine hiyo siku inapopumzishwa?

Siku hiyo mara nyingi hutanguliwa na ilani. Kampuni ya Kenya Power hutangaza mapema kwamba umeme utakatwa kwa matengenezo, ikitaja eneo, siku na saa. Mwenye kisiagi aliye na busara hulitumia pumziko hilo kwa kazi: hufungua kifuniko, hugeuza nyundo zilizolika upande mmoja, hubadili chekeche lililotoboka na kukaza mkanda uliolegea. Hapa ndipo lilipo swali letu. Umeme umekwisha kukatika, na mashine imenyamaza. Je, yampasa bado kuzima swichi na kuitia kufuli kabla ya kumwagiza kijana wake atie mkono ndani?

Mvivu wa fikira atajibu kwamba hakuna haja. Lakini kukatika kwa umeme si kuondoka kwa hatari. Ilani yaweza kusema saa kumi na moja, na mafundi wakamaliza kazi yao saa nane. Umeme ukirudi na swichi haikuzimwa, nyundo zaweza kuzunguka papo hapo, wala haziulizi mkono ulio ndani ni wa nani. Mashine iliyonyamaza haikufa. Imelala tu, na aliyelala huamka.

Jambo hili ni kubwa zaidi viwandani. Kila alfajiri wakazi wengi wa Kibera hutembea kwa miguu kwenda Eneo la Viwanda. Kiwanda kinapopangiwa siku za kusimama, maandalizi hutangulia: boila hupozwa, mvuke uliobaki mabombani hutolewa, mizigo iliyoning'inia hushushwa, vali hufungwa, na swichi hutiwa kufuli lenye kibandiko cha jina la afanyaye kazi. Ufunguo hukaa mfukoni mwake mwenyewe, ili mwingine asiwashe kwa kutojua.

Tazama gharama ya kutojua. Tarehe 6 Julai 1988, katika jukwaa la mafuta la Piper Alpha, katika Bahari ya Kaskazini karibu na Uskoti, pampu moja ilikuwa imeondolewa vali yake ya usalama kwa matengenezo. Jambo hilo liliandikwa katika hati, lakini habari yake haikuwafikia watu wa zamu ya usiku. Pampu ya pili iliposimama, waliiwasha ile ya kwanza. Gesi ilivuja na kulipuka, na watu 167 wakapoteza maisha. Walioiwasha hawakuwa wabaya. Walikosa neno moja kutoka kwa wenzao.

Watu husema kwamba ajali haina kinga. Methali hii ni faraja njema kwa aliyefikwa na jambo lisilotazamiwa. Ni udhuru mbaya kinywani mwa mtu aliyepewa ilani mapema, na kufuli analo mkononi.

Twajua kwamba mwenye kisiagi si tajiri. Kila saa ya kusimama ni hasara kwake, na wateja wangoja unga wa jioni. Haki ya kuharakisha anayo, lakini haki hiyo huishia pale uanziapo mkono wa mwenziwe. Akichelewa kufungua, atapoteza shilingi ambazo kesho aweza kuzitafuta tena. Mkono uliokatika hautafutiki.

Tena, kazi ya kuandaa haina sifa. Ikitendwa vema, hakuna litokealo: kijana hutoa mkono wake mzima, huupangusa, akaenda kula. Hakuna amshukuruye aliyezima swichi. Kwa sababu hiyo hasa, kazi hii hupima uaminifu wa mtu kuliko kazi itendwayo mbele ya macho ya watu. Nawe, msomaji, siku moja utamwachia mwingine kazi uliyoianza. Mwache akiwa salama, na umwambie yote uyajuayo.