Dozi Haiwekwi Ghalani

Ugogo umetufundisha kuweka. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na mwaka mwingine hukatika mtama ukiwa ndio kwanza unachanua. Kwa hiyo bibi zetu walianika mlenda, wakajaza uwele ghalani, wakaingoja njaa ikiwa bado mbali. Mwenye nacho alimgawia asiyenacho, maana mwakani huenda mambo yakageuka. Kuweka na kugawana ndiko kulikotufikisha hapa, na simruhusu mtu aidharau desturi hiyo mbele yangu.

Lakini naiona desturi hiyo ikiingia mahali pasipo pake. Vuta droo ya kabati katika nyumba nyingi za Dodoma, utakuta kibahasha chenye vidonge vinne au vitano vya antibayotiki, vya rangi mbili. Homa ilishuka siku ya tatu, kifua kikatulia, vilivyobaki vikawekwa. Mwezi unaofuata mtoto wa jirani anakohoa, na kibahasha kinavuka ua. Anayetoa anatoa kwa upendo, hilo halina ubishi.

Mtoto yule huenda ana mafua. Mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haina kazi juu ya virusi. Au ana nimonia, naye anahitaji dawa yake kwa kipimo cha uzito wake, siku zote alizoandikiwa. Vidonge vinne vya mtu mzima vitawaua bakteria walio dhaifu na kuwaacha wagumu wazaane. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini, alionya juu ya jambo hilohilo mwaka 1945 alipopokea Tuzo ya Nobel: dozi pungufu huwafunza vimelea kuistahimili dawa. Leo Wizara ya Afya inaliita jambo hilo usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na mgonjwa anayeupata si lazima awe yule aliyekatisha dozi. Vimelea sugu huambukiza kama wengine.

Kongwa, mashariki ya hapa, wanajua maana ya kugawana dawa inavyostahili. Wilaya ile iliteswa mno na trakoma, ambayo wengi huiita vikope. Nzi, vidole na kanga moja inayofuta nyuso za watoto watatu hubeba bakteria kutoka jicho hadi jicho. Baada ya miaka mingi kope hupata makovu, hujikunja kwa ndani, na nywele zake hulikwaruza jicho mpaka liwe kipofu. Zamani tiba ilikuwa mafuta ya tetrasaiklini, kupaka mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Jaribu kumfikiria mama mwenye watoto wanne, shamba la kulima na kisima cha mbali, akitimiza wiki sita kwa kila jicho!

Kisha ikaja azithromaisini, inayomezwa mara moja. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuipata kwa msaada, mwishoni mwa miaka ya 1990. Mgawaji wa kijijini alimsimamisha mtoto kando ya fimbo ya kupimia, urefu ukaamua kiasi cha dawa, nayo ikamezwa palepale mbele yake. Watoto wa chini ya miezi 6 walibaki na mafuta ya tetrasaiklini. Waliomeza hawakuwa wagonjwa peke yao, kijiji kizima kilipewa, kwa kuwa ugonjwa ulizunguka kati yao wote. Ila kila mmoja alipata kipimo chake, na hakuna aliyerudi nyumbani na akiba.

Dawa nyingi tunazoandikiwa si za siku moja, na hapo ndipo bahasha iliyoandikwa "1x3" inapotuponza. Tunaifuata milo, chai, chakula cha mchana na cha usiku, wakati mara tatu ni kila baada ya saa nane: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Ukisahau, meza unapokumbuka, lakini kama dozi inayofuata imekaribia iache hiyo iliyopita, usimeze mbili pamoja. Doksisaiklini na siprofloksasini hazipatani na maziwa, hata yale ya mgando tunayoyapenda, kwa kuwa madini ya chokaa huishika dawa isiingie mwilini. Ukitokwa na vipele, uso ukavimba au pumzi ikabana, acha dawa na ukimbie kituo cha afya. Mjamzito aseme kabla hajapewa dawa, na aliyewahi kudhuriwa na penisilini vilevile.

Mtoa dawa anayefafanua haya dirishani, foleni ikiwa ndefu nyuma yako, anafanya kazi kubwa kuliko tunavyomshukuru. Asipofafanua, muulize bila haya: naitumia siku ngapi, na saa ngapi? Na jirani akigonga usiku kuomba vidonge, mpe nauli ya bodaboda ampeleke mtoto hospitali, au mbebeni pamoja.