Haki ya Kushindwa

Mwaka 1962 Rochdale, klabu ndogo ya daraja la nne, ilifika fainali ya Kombe la Ligi la England. Hakuna timu ya daraja hilo iliyokuwa imewahi kufika fainali ya kombe kubwa nchini humo. Kocha wake alikuwa Tony Collins, mtu mweusi wa kwanza kuinoa klabu ya ligi za kulipwa za England. Rochdale walifungwa na Norwich City, Collins akabaki kazini hadi 1967, kisha akaondoka. Miaka iliyofuata alikuwa msaka vipaji wa kuheshimika, mmoja wa watu ambao Don Revie wa Leeds United aliwategemea kuwachunguza wapinzani. Ukocha mkuu wa kudumu hakuupata tena.

Mtu huyu aliaminiwa macho, hakuaminiwa amri. Alitumwa kwenda kutazama mpinzani anachezaje, akarudi akaeleza, na mwingine ndiye aliyepanga kikosi. Naona katika maisha yake ya kazi swali ambalo soka la Ulaya halijalijibu mpaka leo: kwa nini mtu mweusi aaminiwe katika kila kazi ya mpira isipokuwa ile ya kuamua?

Ripoti ya mwaka 2022 ya Black Footballers Partnership ilionyesha kuwa weusi walikuwa asilimia 43 ya wachezaji wa Ligi Kuu ya England, lakini hawakufika asilimia 5 ya mameneja. Wapo wanaosema hesabu hiyo haithibitishi ubaguzi. Hoja yao si ya kupuuzwa. Mmiliki wa klabu, wanasema, anataka ushindi na fedha. Kama angekuwa anachukia ngozi nyeusi asingetoa mamilioni ya pauni kuwanunua wachezaji weusi. Iweje amchukie kocha na kumpenda mshambuliaji?

Jibu langu ni kwamba kumwamini mchezaji na kumwamini kocha ni imani mbili za namna tofauti. Mchezaji hujithibitisha kabla ya kuajiriwa. Kijana wa miaka kumi na sita akifunga mabao thelathini, mabao hayo yapo, yamehesabiwa, na hata asiyempenda atalazimika kuyaona. Kocha hana bahati hiyo. Uwezo wake hauonekani mpaka akabidhiwe timu, na hakabidhiwi timu mpaka aaminiwe kuwa ana uwezo. Lazima mtu amdhanie mema kwanza, bila ushahidi, ndipo ushahidi uzaliwe. Hapo ndipo ubaguzi unapojificha kwa raha. Hauhitaji kubishana na ukweli, kwa sababu ukweli wenyewe haujapewa nafasi ya kutokea.

Tena hata pale ushahidi ulipokuwepo, haukukubaliwa haraka. Mchumi Stefan Szymanski alichunguza klabu za England kati ya 1978 na 1993, akakuta kwamba klabu zilizokuwa na wachezaji weusi wengi zilifanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa kwa mishahara ziliyolipa. Maana yake weusi walikuwa wakilipwa chini ya thamani yao, na klabu zilizowakwepa zilikuwa zikijinyima pointi kwa hiari. Kama ubaguzi ulidumu miaka yote hiyo mbele ya mabao yanayohesabika, tutarajie nini kwenye ukocha, ambako kabla ya kuajiriwa hakuna cha kuhesabu ila mazungumzo ya saa moja mbele ya wakurugenzi?

Dhana inayojaza pengo hilo la ushahidi ni ya kale kuliko mpira. Ni ile iliyogawa binadamu mafungu mawili, wa mwili na wa akili, ikampa Mwafrika mwili. Utumwa uliihitaji, ukoloni ukaifundisha mashuleni. Leo hakuna mkurugenzi atakayeitamka, lakini sikiliza matangazo ya mpira. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 na RunRepeat ukishirikiana na chama cha wachezaji wa England ulionyesha kuwa watangazaji huwasifu zaidi wachezaji wa ngozi nyeupe kwa akili na bidii, na wale wa ngozi nyeusi kwa nguvu na kasi. Sifa hizo hazina matusi ndani yake. Mtu anasifiwa, anafurahi. Lakini mtoto akisikia kwa miaka ishirini kwamba huyu ana mbio na yule ana akili, akija kuwa mkurugenzi wa klabu atamtafuta wapi mtu wa kufikiri? John Barnes, winga wa Liverpool aliyezaliwa Jamaika, ambaye mwaka 1988 alirushiwa ndizi uwanjani akaipiga teke na kuendelea na mchezo, amesema mara nyingi kwamba shida haianzii uwanjani bali katika jamii nzima, inayomwona mweusi hafai kuongoza. Nakubaliana naye. Ndizi ni rahisi kuilaani kwa sababu inaonekana. Dhana haipigwi picha.

Basi tuseme mtu mweusi amepata kazi. Hapo inaanza sehemu ya pili ya tatizo, na kwangu ndiyo nzito zaidi: nini kinafuata akishindwa?

Ukocha ni kazi ya kushindwa. Karibu kila kocha hufukuzwa, wakubwa kwa wadogo. Kwa hiyo haki kubwa ya kocha, kuliko hata kupewa kazi ya kwanza, ni haki ya kushindwa na bado akahesabiwa mtu anayeweza. Mtazame Gareth Southgate. Mwaka 1996 alikosa penalti dhidi ya Ujerumani katika nusu fainali ya Kombe la Ulaya, Wembley. Mwaka 2006 Middlesbrough wakampa timu. Alikaa misimu mitatu, wa tatu ukaishia kwa kushuka daraja, na Oktoba 2009 akaondolewa. Mwaka 2013 alikabidhiwa vijana wa England wa chini ya miaka 21, na 2016 timu ya taifa ya wakubwa. Aliifikisha nusu fainali ya Kombe la Dunia 2018 na fainali mbili za Ulaya. Sisemi hakustahili. Alistahili, na tunajua hivyo kwa sababu alisubiriwa. Kushindwa kwake kulisomwa kama somo alilopitia, si kama tabia aliyozaliwa nayo.

Sasa Paul Ince. Mwaka 2008, baada ya kuipandisha daraja Milton Keynes Dons, aliajiriwa na Blackburn Rovers akawa Mwingereza mweusi wa kwanza kuwa kocha wa klabu ya Ligi Kuu. Desemba mwaka huohuo akafukuzwa, baada ya mechi 17 za ligi na ushindi mara tatu. Matokeo yalikuwa mabaya, nami siwalaumu Blackburn kwa kuogopa kushuka. Ninachokitazama ni kilichofuata: hakupata tena timu ya Ligi Kuu. Chris Hughton hata hakuhitaji kushindwa. Mwaka 2010 aliirudisha Newcastle United Ligi Kuu wakiwa mabingwa wa daraja la pili, na Desemba mwaka huo akaondolewa timu ikiwa katikati ya msimamo.

Kisa kimoja hakithibitishi kitu. Kila ufukuzaji una sababu zake, na mtu anaweza kuvitenganisha visa hivi akaeleza kimoja kimoja bila kutaja rangi. Lakini wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na hiyo ndiyo mantiki ninayoiona hapa, ila inatumika kwa upande mmoja tu. Kocha mweupe akianguka, ameanguka yeye na jina lake. Mweusi akianguka, wanaanguka pamoja naye watu ambao bado hawajafanyiwa hata usaili.

Ushahidi wa wazi kabisa wa mantiki hiyo ulitoka kwa mashabiki, Julai 2021. England ilipoteza fainali ya Ulaya kwa Italia kwa mikwaju ya penalti. Marcus Rashford, Jadon Sancho na Bukayo Saka wakakosa. Saka alikuwa na miaka 19. Usiku huohuo walimwagiwa matusi ya rangi mitandaoni. Southgate, ambaye naye aliwahi kukosa palepale Wembley, alisimama akasema yeye ndiye aliyewachagua wapigaji. Mwaka 1996 Southgate alisikitikiwa, akalaumiwa, akataniwa, lakini hakuna aliyesema Wazungu hawajui kupiga penalti.

Marekani walijaribu dawa ya kanuni. Mwaka 2003 ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, ilianza kuzitaka timu kumsaili angalau mtu mmoja kutoka jamii za wachache kabla ya kuajiri kocha mkuu. Ligi za chini za England ziliiga baadaye. Nadhani kanuni hiyo ni njema na iendelee, kwa sababu inamfikisha mtu mlangoni. Hata hivyo, mwaka 2022 kocha Brian Flores alifungua kesi akidai alisailiwa kwa kutimiza sharti tu huku kazi ikiwa tayari ina mwenyewe. Sheria inaweza kukulazimisha kumsikiliza mtu. Kumdhania mema haiwezi kukulazimisha.

Wengine watanitajia Vincent Kompany. Baba yake, Pierre, alizaliwa Bukavu, mji ambao Kiswahili chake tunakielewa, akakimbilia Ubelgiji mwaka 1975, na mwaka 2018 akachaguliwa meya wa Ganshoren, meya mweusi wa kwanza nchini humo. Mwanawe aliipandisha Burnley mwaka 2023, ikashuka 2024, na mwezi huohuo wa kushuka Bayern Munich wakamwajiri. Msimu wake wa kwanza akatwaa ubingwa wa Ujerumani. Nafurahi sana kwa Kompany, maana hapa, kwa mara hii moja, kushindwa kwa mweusi kumesomwa kama kushindwa kwa mtu mmoja. Ila Kompany alikuwa nahodha wa Manchester City mwenye mataji manne ya Ligi Kuu, mwanafunzi wa Pep Guardiola. Usawa haupimwi kwa watu wa kiwango hicho. Unapimwa kwa mtu wa wastani. Mabenchi ya England yamejaa makocha weupe wa wastani wanaofukuzwa hapa na kuajiriwa pale, na hakuna ubaya, riziki ni riziki. Siku kocha mweusi wa wastani atakapoishi maisha hayohayo, ndipo nitaamini dhana imebadilika.

Na dhana hii haiishi Ulaya peke yake. Sisi tunaotazama Ligi Kuu ya England kila Jumamosi tumeipokea pia, japo kwetu imegeuka kuwa imani kwamba kocha wa kweli hutoka nje, awe Mzungu, Mwarabu au Mbrazili. Septemba 2022 Juma Mgunda aliichukua Simba kama kocha wa muda, akaiingiza hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Januari akaletwa Mbrazili Robertinho, Mgunda akawa msaidizi. Hemed Suleiman aliipokea Taifa Stars Januari 2024 katikati ya mashindano ya AFCON, baada ya kocha wake, Adel Amrouche, kufungiwa, na Novemba mwaka huo akaifikisha tena fainali za Afrika kwa kuifunga Guinea Dar es Salaam. Kabla ya fainali hizo kuchezwa akaondolewa, akawekwa Miguel Gamondi wa Argentina. Gamondi ni kocha mzuri, aliyeipa Yanga ubingwa. Lakini kazi ya kufuzu ilikuwa ya mwingine.

Tukilalamikia Blackburn na Newcastle, tuwe tayari kuzungumza hivyohivyo Kariakoo. Msimu ujao klabu yako ikimtangaza kocha mzawa, usianze kuhesabu mechi zake tangu sare ya kwanza. Mwache ashindwe mara moja, umwone atafanya nini mara ya pili.