Mfungwa Aliyerudi Kutawala



Ndugu zetu Waislamu, katika Sura Yusuf mna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita mbio. Mfalme wa Misri alipotuma mjumbe gerezani kumtoa Nabii Yusuf (A.S.), Nabii Yusuf hakutoka. Alimrudisha mjumbe kwa bwana wake akaulize kwanza khabari ya wale wanawake waliojikata mikono yao. Mtu amekaa gerezani miaka kadha kwa jambo asilolifanya, mlango umefunguliwa, naye asema: ngojeni, ulizeni kwanza. Wakaulizwa, wakasema kweli, na mke wa Azizi akakiri kwa ulimi wake. Hapo ndipo alipotoka, na alipotoka akapewa ghala za nchi nzima.

Twalitaja jambo hili kwa sababu nchi yetu ya Kenya nayo ilipata mfungwa aliyetolewa kifungoni akapewa hukumu, na yatupasa tumtazame kwa kipimo hiki. Si kwa kumsifu kama washairi wa karamuni, wala kwa kumtukana marehemu.

Jomo Kenyatta alikamatwa usiku wa kuamkia tarehe 21 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa. Alihukumiwa Kapenguria, pamoja na wenzake watano, na tarehe 8 Aprili 1953 akapewa miaka saba ya kazi ngumu. Akapelekwa Lokitaung, jangwani, kisha Lodwar, kisha Maralal. Hakurudi kwao Gatundu illa mwezi wa Agosti 1961. Shahidi mkuu wa kesi ile, Rawson Macharia, aliapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo, naye badala ya kusikilizwa akashitakiwa na kufungwa. Na mwaka 1960 Gavana Renison alimwita Kenyatta kiongozi wa giza na mauti. Kwa hivyo alilolipata Yusuf kwa mfalme wa Misri, Kenyatta hakulipata kwa Waingereza. Walimfungulia mlango pasina kumsafisha jina, na tarehe 1 Juni 1963 yule waliyemwita wa giza akawa Waziri Mkuu.

Sasa tuje Nakuru. Tarehe 12 Agosti 1963 aliingia katika ukumbi wa mji ule kusema na wakulima wa Kizungu, mamia yao, watu wa Njoro, Molo na kwengineko katika Bonde la Ufa. Asiyefika Molo na ajue kwamba ni mji wa reli, juu ya Nakuru kwa njia ya Kisumu, penye baridi ya kumtetemesha mtu wa pwani mchana kutwa. Nchi ya kondoo, ya pareto na ya viazi ambavyo hata sisi twavila. Wazungu wale walikuwa na khofu kubwa. Wengi wao miaka kumi nyuma walikuwa wamebeba silaha dhidi ya Mau Mau, na wako waliokuwa wakifikiri kuhama. Mbele yao akasimama mtu waliyemfunga. Walitazamia kisasi. Yeye akawaambia kwamba kila mtu hukosa, kwamba inapasa kusameheana, kwamba wakae walime, na walime vizuri. Mkutano ulimalizika Wazungu wakiitikia Harambee pamoja naye.

Twasema wazi: hili lilikuwa tendo kubwa. Mwenye kuweza kulipiza kisha akasamehe, daraja yake si ya mtu asiyeweza. Tumeona katika nchi za jirani na za mbali watu waliotoka gerezani na upanga mkononi, na damu haikukauka mpaka leo. Kenyatta alifunga mlango wa damu kwa maneno ya mchana mmoja, na anayelidharau hilo hajui vita.

Walakini, ndugu msomaji, yako masuala ambayo ukumbi ule haukuyauliza. Je, kilichosamehewa siku ile kilikuwa cha nani?

Maulamaa wetu wametufundisha kwamba haki za waja haziondoki illa kwa ridhaa ya mwenyewe. Nikikupiga kofi, aniwiaye radhi ni wewe. Hata sultani hawezi kunisamehe kwa niaba yako. Miaka tisa ya Lokitaung, Lodwar na Maralal ilikuwa ni haki ya Kenyatta, na yeye akaitoa, Mwenyezi Mungu amlipe kwa hilo. Ama ardhi haikuwa yake.

Tazameni alivyofanya Mtume (S.A.W.) baada ya vita vya Hunayn, mwaka wa nane wa Hijra. Naye alikuwa mtu aliyerudi: alipigwa mawe Taif, akafukuzwa Makka, kisha akarejea na jeshi mbele yake. Watu wa Hawazin waliposhindwa walimjia, wamesilimu, wakamwomba awarudishie jamaa zao waliotekwa. Angaliweza kuamuru, na nani angalimkataza? Lakini mateka walikuwa wamekwisha gawanywa, kila mtu ana fungu lake. Mtume akatoa lililo fungu lake na la jamaa zake. Kisha akasimama mbele ya watu, akawaambia kwamba apendaye kutoa kwa ridhaa na atoe, na apendaye kubaki na haki yake atalipwa katika ngawira ya kwanza itakayopatikana. Watu wakapiga kelele kwamba wameridhia. Hakutosheka na kelele! Aliwaamuru warudi, na wakuu wao wamletee khabari ya kila watu, kwani katika kelele za mkutano haijulikani nani ameridhia na nani amenyamaza kwa haya. Khabari hii ameipokea Bukhari, na kila mwenye kutaka kura na aisome mara mbili.

Hata katika Sura Yusuf yenyewe, Yusuf aliwasamehe ndugu zake pale pale, asiwalaumu. Lakini machozi ya mzee Yaaqub (A.S.), ambaye macho yake yalifanya weupe kwa huzuni, Yusuf hakuyasamehe. Wale ndugu walikwenda kwa baba yao wenyewe, wakamwomba wenyewe, naye akawaahidi kwamba atawaombea msamaha baadaye.

Basi nani walikuwa na haki katika nchi ya Molo? Walikuwako Wamasai, ambao babu zao waliondoshwa katika Bonde la Ufa kwa mkataba wa mwaka 1904. Walikuwako Waogiek wa msitu wa Mau. Walikuwako Wakikuyu waliolima mashamba ya Wazungu tangu baba hata mwana kama maskwota, wakatolewa kwa maelfu wakati wa Hali ya Hatari wakarudishwa kusikokuwa na shamba. Hakuna aliyewakusanya watu hawa wakuu kwa wakuu kuwauliza kama walivyoulizwa watu wa Hunayn. Ardhi ilinunuliwa kwa Wazungu kwa fedha za mkopo, katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, na aliyepewa kishamba akatakiwa alipe deni. Mashamba makubwa mengi yakaenda kwa wenye fedha na wenye jamaa serikalini. (Nasi wa pwani tusijitie kando, wako watu Kilifi na Kwale waliozaliwa, wakazaa, wakazikana katika ardhi ambayo hati yake ina jina la mwengine.)

Mmoja katika wale sita wa Kapenguria, Bildad Kaggia, alisema kwamba wasio na ardhi wapewe bila ya kulipa. Alitoka katika cheo chake serikalini mwaka 1964. Mwaka 1965 Kenyatta alimkemea mbele ya mkutano wa hadhara, akimuuliza amejifanyia nini, ilhali wenziwe waliofungwa naye wamekwisha pata mali na mashamba. Hebu lipimeni suali lile. Taabu ya kifungo imegeuzwa kuwa ni mtaji, na asiyeufanyia biashara ndiye mjinga.

Mwaka 1966 sheria ya kumweka mtu kizuizini bila ya hukumu ilipitishwa. Mwaka 1968 kilitoka kitabu cha Kenyatta ambacho jina lake lasema aliteseka bila ya kuweka uchungu, na mwaka huo huo Kaggia akafungwa. Mwaka 1969 akawekwa kizuizini Achieng Oneko, naye mmoja wa wale sita, akakaa mpaka 1975. Pamoja naye akakamatwa Oginga Odinga, ambaye mwaka 1958, wakati kulitaja jina la Kenyatta kulikuwa khatari, alisimama katika baraza la kutunga sheria akasema kwamba yeye ndiye kiongozi. Mnyweshaji wa mfalme alimsahau Yusuf gerezani. Huyu hakusahau, na malipo yake yakawa ni haya.

Kenyatta alifariki Mombasa tarehe 22 Agosti 1978. Hatusemi kwamba yeye ndiye aliyezichoma nyumba za Molo mwaka 1992. Zilichomwa na watu waliochochewa na wanasiasa waliotaka kura, na kila mmoja atajibu lake mbele ya Mola wake. Lakini mchochezi hatii moto pasipo kuni. Alikuta watu wa makabila mbalimbali, kila mmoja ana haki au anadhani ana haki, na kila mmoja aliambiwa zamani asahau.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 moto ukarudi, Molo na Kuresoi na kwengineko. Waliokimbia waliteremka Nakuru, kina mama na watoto na magodoro vichwani, wakawekwa katika mahema kwenye uwanja wa maonyesho ya kilimo, katika mji ule ule ambao miaka arubaini na minne nyuma Wazungu waliambiwa wasiwe na khofu, wakae walime.