Je, Ahamaye Mtandao Hana Shukrani?

Sisi wanadamu hupima tabia ya mtu kwa mambo makubwa: ndoa yake, ahadi zake, na jinsi atunzavyo mali ya watu. Lakini mambo madogo nayo yana maswali yake. Hapa kwetu Ndalambo, katika Wilaya ya Momba, liko swali moja dogo ambalo wazee na vijana hubishana juu yake kana kwamba ni shauri la baraza, nalo ni hili: Mtu aliyetumia mtandao mmoja wa simu tangu siku alipopata simu yake ya kwanza, akiuona mwingine wenye bei nafuu, je, ni haki auhame?

Wazee husema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Vijana hujibu ya kuwa mtandao si mbacha wala si ndugu, ni duka tu, na mtu hununua penye nafuu. Mimi naona kila upande una sehemu ya kweli, walakini pande zote mbili zimesahau jambo moja. Na tulichungue neno hili polepole.

Kwanza tuwasikilize wazee, maana hoja yao si ya upuuzi. Wao wakumbuka siku ambazo habari ya ugonjwa au ya msiba ilitumwa kwa mkono wa msafiri, na mara nyingi ilifika mazishi yamekwisha. Mnara ulipokuja, mtu alipata habari siku iyo hiyo. Kisha zikaja fedha za simu; M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na mwaka 2008 ikafika Tanzania. Tangu hapo mama aliye kijijini aliweza kupokea fedha za mwanawe aliye mjini pasipo kumngoja mtu wa basi. Basi wazee wasema: Aliyetujia wakati hapakuwa na mwingine, twamwachaje leo kwa sababu ya shilingi mia chache? Aliyekusitiri wakati wa mvua humfungii mlango wakati wa jua.

Maneno hayo ni mazuri, lakini yapasa tuyapime. Shukrani hudaiwa na yule aliyetoa kitu chake kwa hiari, asitake malipo. Kampuni ya simu haikutoa, iliuza. Tena sisi wanunuzi wa vocha hulipa kwanza, ndipo tuseme. Wala minara yote ya vijijini haikujengwa kwa fedha za makampuni peke yake. Uko Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2006, ambao kazi yake ni kuyapa makampuni ruzuku ili yajenge mahali ambapo faida ni haba. Makampuni yenyewe huuchangia mfuko huo kutoka katika mapato yao, na mapato hayo yatoka wapi isipokuwa mifukoni mwa wanaopiga simu? Kwa hiyo mkulima wa mahindi anunuaye vocha amechangia mnara, hata kama hakushika jiwe wala nondo.

Tena tuangalie jambo hili. Twaambiwa tusiihame kampuni, lakini kampuni yenyewe ni nani? Waliojiunga na Celtel mwaka 2001 walijikuta mwaka 2008 wakiwa wateja wa Zain, na mwaka 2010 wakawa wateja wa Airtel, baada ya Bharti Airtel ya India kununua biashara ya Zain katika nchi 15 za Afrika. Waliojiunga na Mobitel katika miaka ya 1990 waliiona ikiitwa Buzz, kisha Tigo. Mwaka 2022 ikauzwa kwa kundi lililoongozwa na Axian ya Madagascar, na mwaka 2024 ikaitwa Yas. Katika mageuzi hayo yote mteja hakuhama hata hatua moja, ila mwenye duka alibadilika. Sisemi ya kuwa walifanya vibaya. Kuuza mali ni haki ya mwenye mali. Nasema tu ya kwamba, ikiwa mwenye duka yu huru kuuza duka pamoja na wanunuzi wake, basi mnunuzi naye yu huru kutoka mlangoni.

Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, alifundisha ya kuwa urafiki ni wa namna tatu: wa faida, wa furaha, na wa wema. Ule wa faida hukoma faida ikomapo, na ndiyo tabia yake. Akasema pia ya kuwa malalamiko huzaliwa pale rafiki mmoja adhanipo ni urafiki wa namna moja, kumbe mwenzake ashika namna nyingine. Hapo ndipo lilipo kosa la wazee wetu. Kampuni yaweza kutuita familia yake katika matangazo, na kutupa zawadi sikukuu zinapokuja. Lakini mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Tusiulipe urafiki wa faida kwa sarafu ya urafiki wa wema.

Je, basi vijana wameshinda? Sheria iko upande wao. Tangu Machi 2017, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imewaruhusu watu kuhama mtandao na kubaki na namba zao zile zile. Hata ile ada ambayo kampuni moja huilipa nyingine ili kupokelewa simu yake imeshushwa: mwaka 2018 ilikuwa shilingi 15.60 kwa dakika, na mwaka 2022 ikawa shilingi 2. Zamani kumpigia mtu wa mtandao mwingine kulikuwa kama kuvuka forodha. Leo ushuru wake karibu umekwisha. Basi serikali imetaka tuwe huru kuchagua, wala haiwi dhambi kutumia uhuru uliotolewa kwa wote.

Hata hivyo, kuruhusiwa si sawa na kufanya vema. Kuna njia ya kuhama iliyo ya haki, na kuna njia ya kuhama iliyo ya hiana.

Wa kwanza mwenye hiana ni yule akimbiaye deni. Siku hizi simu hukopesha salio, hata fedha taslimu. Mtu akopaye akaitupa laini ili asilipe, huyo hakuhama, bali ameiba. Na kwamba aliyeibiwa ni tajiri hakuugeuzi wizi kuwa werevu.

Wa pili ni yule aondokaye kimya. Hapa nakumbuka kitabu alichokitoa Albert Hirschman mwaka 1970. Mtaalamu huyo alitazama reli ya Nigeria, akashangaa kuona ya kuwa malori yalipokuja kushindana nayo, reli haikujitengeneza, bali iliendelea kuwa mbovu. Sababu aliyoiona ni hii: wasafirishaji wenye uwezo, ambao wangalipiga kelele hata wakubwa wasikie, walihamia kwenye malori. Reli ikabaki bila mlalamikaji. Mambo ya simu nayo ni vivyo hivyo. Mwalimu na mfanyabiashara wakihama pasipo kusema neno, atabaki nani katika mtandao ule mbovu? Atabaki bibi aliye bondeni, ambaye kwake mtandao ule ndio pekee usikikao, na ambaye hajui pa kupeleka shauri lake. Basi kabla ya kuhama, yapasa kulalamika: kwa kampuni kwanza, kisha kwa Mamlaka, au kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililowekwa kwa kazi hiyo. Kelele yako ndiyo haki unayowaachia wale wasioweza kuondoka.

Sasa nafika kwenye lile jambo ambalo pande zote mbili zimelisahau. Wazee watazama mnara, na vijana watazama bei. Lakini simu si kitu cha mtu mmoja. Huwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Baba mzee ameshika namba ya mwanawe kwa moyo, au imeandikwa kwa mkaa ukutani karibu na mlango. Mwana akiona kifurushi cha bei nafuu, hununua laini mpya, akaisahau ya kale. Laini isiyotumiwa kwa muda hufungwa, na namba yake yaweza kupewa mtu mwingine. Siku ya msiba baba apiga, akajibiwa na mgeni. Na fedha zilizotumwa kwa namba ile zaweza kuingia mkononi mwa asiyestahili. Hapo nani ameachwa? Si kampuni, ambayo ina wateja mamilioni. Ameachwa baba.

Kwa hiyo swali la haki si, "Je, nitaiacha kampuni?" bali ni, "Je, nikihama, wale wanitegemeao watanipata?" Likijibiwa hilo, mengine yote ni hesabu. Ahamaye na namba yake, akatumia kwanza salio lililobaki kwa kuwa halimfuati, akalipa deni, akawajulisha jamaa, huyo hakumkosea mtu. Ahamaye kwenda kwenye mtandao wa bei nafuu usiosikika kijijini kwao, hata mama asimpate jioni, huyo ameweka akiba shilingi akapoteza kilichokuwa na thamani kuliko shilingi.

Wengine huuliza habari ya mwenye laini mbili, kama ni mtu wa ndimi mbili. Mimi sioni hivyo. Sisi watu wa mpakani twaelewa jambo hili kuliko wengine. Mpaka uliokatwa na Waingereza na Wajerumani uliwagawa Wanyamwanga, wengine upande huu na wengine upande wa Zambia. Na mtu wa Tunduma mwenye jamaa Nakonde huweka laini moja ya huku na moja ya kule ili asimkose hata mmoja wao. Uaminifu wake kwa jamaa ndio uliompa laini mbili.

Basi, ndugu wasomaji, ile methali ya wazee tusiitupe, ila tuitumie mahali pake. Mbacha ni mkeka uliochakaa, lakini ni wako. Mnara haukuwa wako kamwe, wala jina lililo juu yake. Mbachao ni namba yako na watu waliokujua kwayo. Huo usiuache kwa msala wowote upitao.